Bustani ya Mboga Nyuma ya Nyumba, Hata Kama Umejenga Juu ya Jiwe

Mimi bustani nilifunzwa na mama, kwetu Wete, Pemba. Nilipoolewa Makunduchi nilikuja na vitu viwili kutoka kwake: mbegu za bamia ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na tabia ya kumwaga jivu la jikoni kwenye matuta. Kwetu jivu lilifanya kazi. Mchicha ulitoka na majani mapana kama kiganja cha mvuvi. Nikafanya vivyo hivyo huku kusini ya Unguja, na mwezi haujaisha, mchicha na kunde vikageuka manjano, mishipa peke yake ikabaki kijani. Nikadhani ni njaa. Nikaongeza jivu.

Mkwe wangu alikuwa akinitazama tu kutoka kibarazani. Siku ya nne akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, hilo jivu unamwagia nini?"

"Mbolea, mama. Kwetu ndivyo tufanyavyo."

"Kwenu kuna udongo. Hapa kuna jiwe. Jiwe chokaa, na jivu nalo chokaa. Unamlisha chumvi mtu mwenye kiu."

Alisema kweli. Udongo mwekundu wa Pemba umeoshwa na mvua nyingi miaka na miaka mpaka ukawa na uchachu kidogo, na jivu hupunguza uchachu huo. Huku kwetu ardhi imetokana na jiwe la matumbawe, imejaa chokaa tayari. Chokaa ikizidi, madini ya chuma hufungika ndani ya udongo na mmea haupati hata kama yapo, ndiyo maana majani machanga huanza kupauka kwanza. Dawa ya bustani ya mama ilikuwa sumu ya bustani yangu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini, kwenye udongo, na mbegu utazikuta mbele huko.

Kwanza: jua umekaa juu ya nini

Wazee wa visiwa hivi wana majina yao ya udongo. Kichanga ni mwepesi, maji yanapita kama kwenye chujio. Kinongo ni mwekundu, una nguvu, na ndio ulioshika mikarafuu Pemba na sehemu za magharibi na kati ya Unguja. Kinamo ni mzito, unakaa mabondeni, unanata kwenye jembe na ukikauka unapasuka. Huko watu hulima mpunga. Halafu kuna uwanda na maweni, ndiko kwetu: jiwe lenye vishimo vyenye udongo kidogo mweusi au mwekundu, ukipiga jembe linarudi na cheche.

Kama hujui wako ni upi, chukua konzi moja, uloweshe, ufinyange. Ukimwagika mkononi ni kichanga. Ukishika umbo la kitonge lakini huwezi kuuviringisha ukawa kamba ndefu, una bahati. Ukiviringika kama kamba na ukakunjika kuwa pete bila kukatika, ni kinamo, na kazi yako itakuwa kuinua matuta ili mizizi isioze masika.

Jaribio la pili ndilo ambalo lingeniokoa mimi. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, utilie siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi. Hapo jivu marufuku. Usipotoa povu na uko kwenye kinongo, konzi mbili tatu za jivu kwa kila mita moja ya mraba, ukichanganya na udongo kabla ya kupanda, halina ubaya.

Mahali

Mboga nyingi zinataka jua kwa muda wa saa sita kwa siku, na si chini ya mwembe, maana mwembe haushindwi kwa kivuli wala kwa mizizi. Chini ya mnazi pia usikae, kwa sababu unazozijua. Ukiwa upande wa mashariki au kusini ya Unguja, kumbuka kusi: kuanzia Juni upepo unapiga kutoka baharini na umebeba chumvi, na majani ya tungule (nyanya) yanaungua kingo kama yamepitishwa motoni. Kizuizi cha makuti upande wa bahari, kimo cha kifua, kinatosha. Kisiwe kizima kama ukuta. Upepo upenye kidogo, la sivyo utakipindukia na kuangukia mimea kwa nguvu zaidi.

Weka bustani karibu na jiko. Yangu ya kwanza ilikuwa nyuma ya choo cha nje, hatua arobaini kutoka jikoni, na bamia zilikomaa zikawa kuni kabla sijazikumbuka. Na tukitaja choo: usilime pale karo linapovujia.

Maji

Hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapokata tamaa. Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na chumvi huzidi kiangazi maji yakipungua. Onja kwanza. Ukihisi chumvi waziwazi ulimini, maji hayo yatamkosesha raha kotmiri (giligilani) na maharage, ingawa mchicha utavumilia kwa kiasi. Ukiwa huna budi kuyatumia, yamwage chini kwenye shina, kamwe si juu ya majani, na umwagilie mengi kwa mara moja badala ya kidogo kidogo kila saa. Maji mengi husukuma chumvi chini, kidogo kidogo huiacha juu, ndiyo ule weupe unaouona juu ya udongo mchana.

Bora kuliko hayo ni maji ya paa. Hesabu yake nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 20 iliyonyesha usiku mmoja wa vuli, ni lita 800. Toa zinazomwagika na kurukia nnje, bado utajaza mapipa matatu ya lita 200. Sisi tulifunga mfereji wa bati upande mmoja tu wa nyumba, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru.

Kuna maji mengine tunayamwaga bila kufikiri. Maji ya udhu hayana sabuni. Katika nyumba ya watu sita wanaosali sala tano, ni maji ya maana sana kwa siku. Mume wangu alichimba kijifereji kutoka pale tunapotawadhia mpaka kwenye mchaichai, na tangu siku hiyo mchaichai haujui kiangazi. Maji ya kuoshea mchele yaende kwenye mboga. Maji ya kuoshea samaki yaende kwenye shina la mgomba au shimo la mboji na yafunikwe, la sivyo paka wa mtaa mzima watahamia kwako.

Kwa kukisia, wakati wa jua kali kitanda cha mita moja ya mraba kinataka lita 5 kwa siku. Mwagilia asubuhi, au baada ya Alasiri jua likishapoa. Na ufunike udongo. Majani makavu ya mgomba, nyasi, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, chochote cha kuzuia jua lisinyonye, kwa unene wa vidole vinne. Huku pwani tunaongeza mwani, ule unaosukumwa na mawimbi na kuachwa ufukweni. Lakini usiuweke mbichi. Utandaze nnje mpaka unyeshewe na mvua mbili tatu, uoshwe chumvi, ndipo uupeleke bustanini.

Mboji

Chimba shimo la futi tatu kwa tatu, au kama ni jiwe kama kwetu, jenga kizimba cha mawe juu ya ardhi. Tabaka la vitu vikavu, tabaka la vitu vibichi, tabaka jembamba la samadi ya ng'ombe au ya kuku, nyunyiza maji, rudia. Vitu vibichi ni maganda ya ndizi na muhogo, majani ya mboga yaliyoharibika, chicha la nazi. Chicha ninalitia kidogo na ninalifukia, kwa sababu likikaa juu sisimizi wanafika kabla yako hujanawa mikono. Makuti na vifuu usitie, vitakaa mpaka wajukuu wakue. Jivu, umeshaambiwa.

Baada ya wiki chomeka kijiti katikati, ukichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa cha baridi na kikavu, ongeza maji na samadi. Kikinuka, umezidisha maji, tia vikavu. Pindua kila baada ya wiki mbili au tatu. Mboji huwa tayari baina ya miezi miwili na mitatu, ikawa nyeusi, inapukutika, na inanuka kama msitu baada ya mvua. Samadi ya kuku usiipeleke mbichi kwenye mimea, inaunguza. Iache ioze kwanza.

Tuta, shimo, au polo

Mwenye kinongo au kichanga anapiga matuta ya upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, anachanganya ndoo mbili za mboji kwa kila mita ya mraba, basi. Wa kichanga afanye hivyo kila msimu, kwa sababu mchanga unakula mboji kama mtoto anavyokula visheti.

Sisi wa maweni tuna njia mbili. Ya kwanza ni shimo: unatafuta pale jiwe lilipoachia, unalipanua kwa mtaimbo mpaka futi mbili kwenda chini, unajaza mboji na udongo nusu kwa nusu, na humo unapanda vitu vinavyokaa muda mrefu kama pilipili, bilingani au mpapai. Ya pili ni polo, yaani gunia, na hii naipendekeza hata kwa aliyepanga chumba Mwanakwerekwe au anayekaa kwenye majumba ya Michenzani na ana roshani tu.

Chukua polo tupu la mchele la kilo 50. Kunja mdomo wake kwa nnje mara mbili lisimame. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, likate kitako, liwe bomba wazi pande zote. Lisimamishe katikati ya polo, ndani yake ujaze vijiwe vya ukubwa wa tende, na pembeni yake ujaze udongo uliochanganywa: sehemu mbili udongo, sehemu moja mboji, na kama udongo ni mzito, sehemu moja mchanga wa bondeni (si wa ufukweni, una chumvi na chokaa). Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute kopo juu taratibu, vijiwe vinabaki. Jaza tena vijiwe ndani, udongo pembeni, vuta tena. Ukimaliza utakuwa na nguzo ya mawe katikati ya polo kutoka chini hadi juu. Hiyo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo hiyo, maji hulowesha juu tu na miche ya chini hufa kwa kiu huku ya juu inaoza.

Acha polo likae siku mbili likimwagiliwa ili udongo ushuke. Kisha toboa matundu pembeni kwa kisu, ya upana wa vidole viwili, shibiri moja kutoka tundu mpaka tundu, yapishane kama madirisha ya ghorofa mbovu. Kwenye kila tundu ingiza mche wa mchicha, sukumawiki au mnavu, mizizi ikielekea ndani na chini kidogo. Juu panda tungule mmoja au pilipili mbili. Kidumu cha lita 5 kila asubuhi kwenye nguzo ya mawe, na kaskazi ikipamba moto ongeza nusu yake jioni. Polo moja kama hili hunipa mboga ya kitoweo kwa watu sita mara mbili kwa wiki. Polo lenyewe huchakaa kwa jua baada ya mwaka hivi. Lipangie mahali pa kivuli cha mchana, na usilivute kwa masikio yake likishaanza kupauka.

Wakati wa kupanda

Watu wengi hungoja masika, kwa kuwa ndipo mvua ilipo. Kwa mriba (matembele), muhogo wa kisamvu, tangawizi, manjano na mchaichai, sawa, Machi na Aprili ndio wakati wake. Kwa tungule, masika ni msiba. Majani yanalowa mchana na usiku, ukungu unaingia, yanakuwa na mabaka meusi, na wiki mbili baadaye una fimbo tupu. Mwagia mbegu za tungule kitaluni mwishoni mwa Mei au Juni, chini ya kibanda cha makuti. Miche ikae wiki nne, ihamishwe siku za Mwaka Kogwa, yaani Julai, kipupwe kikiwa kimetulia na wadudu wamepungua. Septemba na Oktoba unachuma.

Vuli, kuanzia Oktoba, ni ya mchicha, bamia na kunde. Januari na Februari jua ni la kuchoma. Tunza pilipili na bilingani zilizokwisha shika, na vitanda vitupu vipindue uviache vikaushwe na jua wiki tatu au nne. Kwenye kichanga hili si la hiari, kwa sababu kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayofanya mizizi ya tungule na bamia iwe na vinundu kama shanga. Ukiing'oa mimea ukakuta vinundu, kitanda hicho usikirudishie tungule, bilingani, pilipili wala bamia msimu unaofuata.

Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja, kwa hiyo ndugu zangu wa huko wayacheleweshe mambo ya tungule wiki moja au mbili na wainue matuta zaidi.

Vya kuanzia

Anza na mchicha, kwa sababu unasamehe. Mbegu zake ni vumbi. Zichanganye na konzi ya mchanga mkavu, zimwage kwenye mistari ya umbali wa shibiri moja, zifunike kwa udongo mwembamba kama unga uliopepetwa. Siku nne au tano zinatoka. Zikifika kidole, zipunguze, na hizo ulizong'oa ndizo chakula cha kwanza. Baada ya wiki tatu au nne anza kuchuma. Kata juu, acha vifundo viwili chini, utachipua tena mara tatu nne kabla ya kuanza kutoa maua.

Bamia: loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili mbili kwenye shimo la kina cha pingili mbili za kidole, shibiri moja na nusu baina ya mashimo. Ukikaribia mwezi wa pili unaanza kuchuma. Chuma kila baada ya siku moja, ikiwa ndefu kama kidole cha kati. Ukisahau siku tatu imekuwa kamba, na mbaya zaidi, mmea ukiona umeshapata mbegu zilizokomaa unaacha kutoa maua mapya. Vaa nguo ya mikono mirefu. Majani yake yanawasha.

Mriba hauna kazi. Kata tawi la shibiri moja na nusu kutoka kwa jirani, lifukie nusu yake, na wiki tano baadaye unapika kwa nazi. Mchunga na mwangani huota wenyewe, ukiviona usiving'oe kama magugu.

Tungule ndiye mwenye makuu. Mpe nafasi ya shibiri tatu, mpe kijiti, mfunge kwa kitambaa na si kwa uzi wa nailoni unaokata, na ung'oe vichipukizi vinavyotoka kwapani baina ya jani na shina. Huku kwetu tunda likianza kuoza kitako, doa jeusi lililozama, watu hukimbilia kununua dawa. Ugonjwa huo unatokana na chokaa kutofika kwenye tunda, na sisi tumekaa juu ya chokaa! Tatizo ni maji: leo ndoo tatu, kisha siku nne hakuna. Mmea hauwezi kubeba chokaa mpaka kwenye tunda bila maji ya mfululizo. Mimi hutoboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano ya moto, nakata kitako cha chupa, naifukia kichwa chini pembeni mwa mmea na kuijaza kila asubuhi. Inavuja polepole mpaka adhuhuri. Vitako vilivyooza vimepungua sana.

Pilipili mbuzi panda miche miwili tu kwa nyumba moja. Miwili. Ukipanda kumi utakuwa unagawa pilipili mpaka kwenye harusi za watu usiowajua.

Viungo vya majani

Kotmiri: ile mbegu ya duara unayoinunua dukani ni mbegu mbili zilizoshikana. Ikanyage taratibu kwa chupa mpaka igawike, loweka, imwage papo hapo itakapokaa, maana haipendi kuhamishwa. Inataka wiki moja mpaka mbili kutoka, na wiki sita kuchumwa. Joto likizidi inakimbilia kutoa maua, kwa hiyo kaskazi iweke kivulini au usipande kabisa. Ukitaka kotmiri ya kachumbari ya futari, tafuta lini Ramadhani itaingia, rudi nyuma wiki sita, ndiyo siku ya kumwaga mbegu. Na kwa kuwa Ramadhani inawahi kuingia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, msimu wa kalenda hautakusaidia hapo.

Nanaa panda kwa tawi, kwenye dumu lililokatwa, peke yake. Ukiiachia kitandani itameza kila kitu. Mrehani vivyo hivyo hushika kwa tawi. Sehemu ya jikoni, sehemu ya kikuba pamoja na asumini. Tangawizi na manjano fukia vipande vyenye jicho chini ya migomba mvua za masika zikianza, usahau mpaka majani yakauke yenyewe, miezi minane hadi kumi.

Kuku, kunguru na wengineo

Adui wa kwanza wa bustani visiwani ni kuku wa jirani. Mimi na mwenzangu mmoja tulikaribia kufikishana kwa sheha kwa ajili ya tetea mmoja na vifaranga wake tisa waliopekua kitanda kizima cha mchicha uliokuwa na siku sita. Suluhisho likatoka pwani: nyavu kuukuu. Wavuvi huzitupa zikishachanika. Zungushia fito, funga nyavu kimo cha kiuno, na sehemu ya chini ifukiwe au ishikwe na mawe, maana kuku hapiti juu, anapita chini. Kwa mbuzi, panda mbono ukingoni; mbuzi hauli. Ila mbegu zake ni sumu, wafunze watoto.

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka za mji. Sasa wanasafisha tungule zangu. Chuma zikianza kubadilika rangi, zitaivia ndani.

Konokono wakubwa hutoka usiku baada ya mvua. Toka na tochi, waokote kwa kijiti au umevaa mfuko mkononi, usiwashike mkono mtupu kwani wanaweza kubeba vijidudu vya maradhi. Vidukari, wale wanaojazana chini ya majani machanga ya bamia na kunde, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo, na angalia kama sisimizi wanapanda shinani, maana ndio wanaowalinda.

Kwa vidukari sugu, inzi weupe na viwavi, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini kinuni (tafuta kinu kibovu, uchungu hautoki), loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kipande cha sabuni iliyoyeyushwa. Jaribu kwanza kwenye majani mawili matatu, ungoje siku moja. Kisha nyunyiza jioni, chini ya majani hasa, kwa sababu jua huua nguvu yake. Rudia baada ya siku tano au sita, na tena mvua ikinyesha. Mboga zioshe vizuri kabla ya kupika, la sivyo mchuzi utakuwa mchungu na wageni watakusema. Kantangaze, yule nondo mdogo wa tungule ambaye asili yake Amerika Kusini, mwarobaini peke yake haumtoshi. Ukiona majani yana njia nyeupe zinazopanuka kuwa mabaka na matunda yana matundu ya sindano, ng'oa yaliyoathirika, yafunge kwenye mfuko, uyaanike juani mpaka yapikike humo, usiyatie kwenye mboji, na umwite bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako.

Mbegu za mwakani

Mbegu chotara za paketi usizihifadhi, watoto wake hawafanani na mama. Za kienyeji hifadhi. Kwa bamia, chagua mmea ulionyooka na uliozaa mapema, acha bamia mbili juu yake mpaka zikauke na kupasuka mstarini, zipukuchue, zikaushe kivulini siku tatu, zitie ndani ya chupa kavu yenye kifuniko. Funga uzi mwekundu kwenye hizo bamia mbili tangu zikiwa changa, na uwaeleze watu wote wa nyumbani uzi huo una maana gani, kwa sababu mwaka jana za kwangu ziliishia kwenye mchuzi wa changu, na ikabidi nimpigie mama Wete aniletee chupa nyengine kwa meli.